Majumba ya mabwanyenye wa Uingereza: anzia mlango wa jikoni

Kama ulisomea Nakuru ama Njoro pande zile, lazima shule iliwahi kuwapakia kwa basi mkapelekwa Lord Egerton Castle. Mimi nilienda nikiwa darasa la sita. Nakumbuka kuta za mawe, mbao zinanuka polishi, na yule jamaa wa kutuongoza akitusimulia venye mzee Egerton alimjengea mwanamke nyumba, mwanamke akaiangalia akasema ni ndogo kama banda la kuku, mzee akaanza upya akajenga jumba zima la mawe na bado mama akakataa, na tangu hapo mzee hakutaka kuona mwanamke akikanyaga shamba lake. Tulicheka sana. Hakuna mtu alituambia, na sisi wenyewe hatukuuliza, pesa za kujenga kitu kama hicho katikati ya Njoro huyu mtu alizitoa wapi.

Jibu nilikuja kulipata nikiwa hapa Manchester nafanya kazi ya kulea wazee. Siku moja ya off nikapanda treni hadi Knutsford, nikatembea mpaka Tatton Park, na kumbe ndio kwao! Maurice Egerton, baroni wa 4 wa Tatton, ndiye huyo huyo wa Njoro. Alikufa 1958 bila mke wala mtoto, Tatton akaiachia National Trust, shirika la kutunza majumba ya kale, na ile shule ya kilimo aliyoanzisha Njoro 1939 ndiyo leo inaitwa Egerton University. Tangu siku hiyo hizi nyumba zimeniingia damuni, nimezunguka nyingi, na kila nikipost picha kuna ndugu ama dada ananiandikia: mnaendaga kuona nini huko, mnalipa ngapi, mnavaa nini, watoto wanaruhusiwa? Sasa wacha niandike mara moja nipumzike.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ukisikia Mwingereza anasema esteti usifikirie Buruburu ama Umoja kule Nairobi. Hapa esteti ni shamba, ekari elfu kadhaa, ndani yake kuna nyumba kubwa moja ya mwenyewe, halafu kuna misitu, vijiji, mto, na mashamba madogo madogo yaliyokodishwa wakulima. Ile nyumba kubwa yenyewe hailimi kitu. Wanaolima ni wapangaji, wanalipa kodi, na hiyo kodi ndiyo ilikuwa inapaka dari dhahabu na kulisha farasi. Kwa hivyo nyumba ukiiondolea shamba inabaki mzigo tu wa kuezeka paa. Ndio maana kuanzia miaka ya 1870, ngano ya bei rahisi ilipoanza kumiminika na meli kutoka Marekani, kodi za mashamba zikaanguka na hizi familia zikaanza kuyumba, halafu 1894 serikali ikaweka kodi ya mirathi ya nguvu, halafu vita viwili, watoto wa kiume wanakufa mfululizo na kila kifo kina bili yake. Karne ya 20 majumba zaidi ya elfu moja yalibomolewa hapa Uingereza, mawe yakauzwa, dari zikauzwa, milango ikauzwa. Hayo unayoyaona leo ni manusura.

Na majina yasikuchanganye. Castle Howard haijawahi kuwa ngome ya vita, ni nyumba ya kifahari iliyoanza kujengwa 1699. Calke Abbey nayo jina ni la kujipa tu, pale palikuwa na watawa zamani sana lakini nyumba yenyewe ni ya familia ya kitajiri. Hall, Park, House, Court, hizo zote hesabu ni kitu kimoja.

Sasa kabla hujatoka nyumbani angalia nyumba ni ya nani, sababu hapo ndipo pesa hupotea. Kuna za National Trust, shirika lililoanzishwa 1895, lina nyumba nyingi sana na ukilipa umemba wa mwaka unaingia zote bila kulipa mlangoni. Kuna za English Heritage, shirika lingine, umemba tofauti. Kuna ambazo bado ni za familia zenyewe ama za trasti iliyoundwa na familia, na hapa ndipo yako yale mashuhuri kabisa: Chatsworth, Blenheim, Harewood, Castle Howard. Kadi ya National Trust huko haikuingizi. Najua sababu nilishawahi kubeba familia ya rafiki yangu, watu watano, tumeendesha saa mbili na nusu, nimefika getini nimetoa kadi yangu kwa madaha, msichana wa tiketi akanitazama kwa huruma tu. Bei ya kila kichwa ilivyotajwa tukaangaliana. Tulikaa nje kwa nyasi tukala chapati zetu tukarudi.

Kama uko peke yako na utaenda moja ama mbili kwa mwaka, usikimbilie umemba, piga hesabu kwanza. Kama una watoto, umemba wa familia unalipa haraka, na National Trust watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Na hii ni kwa wenzangu wa kazi ya kulea: ukimsindikiza mteja mwenye ulemavu, National Trust wana kadi ya msindikizaji, yaani mteja analipa kama kawaida, wewe unaingia bure. Watu wengi hawajui. Nyingine ya bure ni Septemba, kuna siku zinaitwa Heritage Open Days, nyumba nyingi Uingereza zinafungua milango bila malipo na hata zingine ambazo mwaka mzima huwa zimefungwa, lakini nafasi za kutembezwa huisha mapema so jiandikishe onlaini mara tu orodha ikitoka.

Halafu saa na siku. Hili limeliza wengi. Bustani inaweza kuwa wazi saa nne asubuhi na nyumba ikafunguliwa saa tano ama sita, na kuingia kwa mwisho kunaweza kuwa saa nzima kabla ya kufunga. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu nyumba nyingi hulala kabisa: wanafunika viti kwa shuka, wanazungushia vinyago vitambaa, wanafunga madirisha, wanasafisha vitabu kimoja kimoja na brashi laini. Ukienda Januari utaona bustani na mkahawa basi. Siku za katikati ya wiki ziangalie pia, kuna zinazofungwa Jumatatu. Usiamini Google, ingia tovuti ya nyumba yenyewe asubuhi ya siku ile ile.

Kufika bila gari inawezekana kuliko watu wanavyodhani. Tatton, unashuka Knutsford, treni ni moja tu kutoka Manchester Piccadilly, na geti la bustani liko karibu na mji, lakini kutoka getini hadi nyumba yenyewe ni mwendo wa kutosha kupitia uwanja wa wanyama paa, beba maji. Harewood iko njia ya basi namba 36 linalotoka Leeds kwenda Harrogate, linakushusha pale pale getini. Hao paa wa Tatton wanatembea huru, wazuri kwa picha, lakini mwezi wa kumi madume wanapigania majike na wanakuwa wakali, kaa mbali. Mtu wetu aliyezoea kuona swala Lake Nakuru akiwa ndani ya gari hapa anajisahau.

Mavazi: viatu vya flati. Visigino vyembamba hutoboa sakafu za mbao za miaka 300 na utaambiwa uvue ama upewe vya kuvalia juu. Beba sweta hata Julai, ndani kuna baridi ya kaburi. Begi la mgongoni utaambiwa ulibebe mbele kama mtoto ama uliache kwa makabati. Kigari cha mtoto mara nyingi hakiingii, kwa hivyo leso ya kubebea mgongoni ndiyo mwisho wa maneno, na watakusifia kana kwamba umeivumbua. Picha piga, flashi zima. Ukikuta chumba kina giza si eti wanabana umeme, mwanga unakula vitambaa na rangi, ndio maana mapazia yamefungwa nusu. Na ukiona kiti kimewekewa ua kavu la miiba ama lile tunda kavu la msonobari, hilo si pambo, ndiyo njia yao ya adabu ya kusema usikae. Mama mmoja tuliyeenda naye aliliinua akaliweka chini vizuri akakaa, akapumua, halafu akauliza mbona wazungu wote wanamwangalia.

Sasa tufike pale ninapotaka.

Watu wengi wakifika wanaingia mlango wa mbele, wanapanda ngazi, wanaangalia dari, wanaangalia picha za wazee wenye manywele ya bandia, chumba cha kwanza, cha pili, cha nane, wakifika cha kumi wamechoka hawakumbuki chochote, wanashuka jikoni kwa dakika tatu wakielekea kununua skoni. Mimi nakwambia geuza. Anzia nyuma. Anzia jikoni, upande wa watumishi, halafu ndio upande juu. Ukifanya hivyo vyumba vya juu vitakuwa na maana, sababu utakuwa unajua kila kitu kilipandaje.

Na sisi tuna faida hapa jamani. Mtu aliyekulia Nairobi anajua SQ ni nini. Anajua kuna nyumba, na kuna kachumba kule nyuma karibu na kamba ya nguo, kana mlango wake na choo chake, na anajua nani analala huko. Hizi nyumba ni hivyo hivyo, ni kwamba SQ yao inaweza kuwa na vyumba thelathini.

Ukiwa jikoni angalia juu kwanza. Dari iko juu sana, sababu ya joto na moshi. Halafu uliza chumba cha kulia kiko wapi, utashangaa, ni mbali, wakati mwingine ni mwendo wa korido nzima na ngazi, kwa makusudi, ili harufu ya vitunguu isimfikie bwana na moto ukitokea uanzie huko. Matokeo yake karne mbili nzima matajiri wa Uingereza walikuwa wanakula chakula kilichopoa. Angalia sufuria za shaba. Petworth kule Sussex zinazidi elfu moja, na ndani zimepakwa bati sababu shaba tupu ikikutana na asidi inatia sumu, kwa hivyo lazima kuna mtu alikuwa anakagua bati lisiishe. Gusa meza kwa macho tu (usiguse kweli), utaona katikati imebonyea kwa kusuguliwa na mchanga na sabuni kila siku na msichana wa miaka kumi na tatu ama kumi na nne.

Kengele nazo utazikuta ukutani kwa korido, mstari mzima, kila moja chini imeandikwa jina la chumba. Zimening'inia kwa springi ya kujikunja. Sababu ya hiyo springi nilielezwa na mzee mmoja anayejitolea: kengele ikishanyamaza springi inaendelea kutikisika kwa muda, ili mtumishi akitoka mbio kule alikokuwa aweze kuona ni ipi iliyolia. Nilisimama pale nikakumbuka kengele ya wodi yangu ya usiku, taa inayobaki ikiwaka juu ya mlango. Ni kitu kile kile.

Utakutana na vyeo, na ni vizuri uvijue. Mama mwenye funguo ndiye anatawala wasichana wote wa usafi, yeye na mpishi mkuu wanaitwa Mrs hata kama hajawahi kuolewa. Wanaume walikuwa wa maonyesho. Kuanzia 1777 serikali ilitoza kodi kwa kila mtumishi mwanaume, na hiyo kodi ilikuja kufutwa 1937, kwa hivyo kuwa na vijana sita warefu wamevaa yunifomu ya dhahabu nyuma ya meza ilikuwa ni kutangaza kwamba mimi nina pesa za kuchezea. Wale wanaofanya kazi ngumu kabisa, kubeba makaa, kubeba maji moto ngazi nne kwenda bafu na kuyashusha tena yakiwa machafu, walikuwa wasichana.

Kama ni nyumba moja tu utaenda kwa ajili ya haya, nenda Erddig, karibu na Wrexham kule Wales. Pale wageni wanapitishwa upande wa nyuma: karakana ya seremala, zizi la farasi, chumba cha kufulia, tanuri la mikate, jikoni, ndio uingie ndani. Na familia ya hapo, kina Yorke, walikuwa na tabia ya ajabu, walichorea watumishi wao picha za rangi, tena na mashairi ya kuwatania. Kuna bibi mmoja, Jane Ebbrell, alichorwa 1793 akiwa na miaka 87, kazi yake ilikuwa kufagia utando wa buibui, ameshika brashi lake anakuangalia hivi. Mimi nimesimama mbele ya picha za madyuki wengi na hakuna hata mmoja namkumbuka uso. Huyo bibi namkumbuka.

Ukipanda juu sasa, nenda polepole na usijaribu kumaliza kila kitu. Chagua vitu vitatu kwa kila chumba. Vyumba vya fahari mara nyingi vimepangwa mstari, milango inatazamana, ukisimama mwanzo unaona mpaka dirisha la mwisho, na mpango wake ni kwamba kadiri mgeni alivyo mkubwa ndivyo anavyoruhusiwa kuingia ndani zaidi. Mwisho wa mstari kuna kitanda cha kifalme, mara nyingi kiliwekwa kwa ajili ya mfalme ambaye hakuwahi kufika. Calke Abbey walikuwa na kitanda cha namna hiyo cha karne ya 18 chenye hariri ya China, mapambo ya ndege na maua, na hakikuwahi kufunguliwa! National Trust walipochukua nyumba 1985 wakakikuta bado ndani ya masanduku, rangi zinawaka kama jana. Sasa kiko nyuma ya kioo. Calke naipenda pia sababu hawakuitengeneza, wameiacha na rangi zake zinabambuka na vyumba vimejaa takataka za familia iliyokuwa haitupi kitu, ndege waliokaushwa, vichwa vya swala, vitanda vibovu. Nyumbani kwa shangazi yangu Molo kuna stoo iko hivyo hivyo.

Madirisha: Hardwick Hall, Derbyshire, ilijengwa miaka ya 1590 na mama mmoja anaitwa Bess, aliyeolewa mara nne na kila mume akamwacha tajiri zaidi, na hiyo nyumba ukiiona kutoka mbali ni vioo tupu, wakati kioo kilikuwa bei ya kukata shingo. Juu ya minara ameweka herufi za jina lake, ES (Elizabeth Shrewsbury, Bess ni la kufupisha), kubwa, za mawe, ili hata aliye barabarani ajue. Nampenda huyo mama. Utasikia pia watu wakikuonyesha dirisha lililozibwa matofali wakisema ni kodi ya madirisha, na kweli hiyo kodi ilikuwepo toka 1696 mpaka 1851, lakini mengi yalijengwa hivyo hivyo yakiwa yamezibwa ili pande mbili za nyumba zifanane. Ukisema hivyo mbele ya anayejitolea atakuheshimu siku nzima.

Hao wanaojitolea watumie. Wengi ni wastaafu, wamekaa kwa kiti kona ya chumba wanasubiri mtu awaulize kitu, wanajua mambo ambayo hayako kwa kibao. Wasalimie kwanza. Usiulize hii ni ya mwaka gani, uliza nani alikuwa anawasha huo moto asubuhi, alikuwa analala wapi, alipitia mlango upi. Mara nyingi watakufungulia mlango uliofichwa ndani ya ukuta uliobandikwa karatasi ama rafu ya vitabu vya uongo, nyuma yake kuna ngazi nyembamba ya giza. Hapo utaelewa vile watu ishirini walivyoweza kufanya kazi ndani ya nyumba bila mgeni kuona hata mmoja.

Na swali la pili, hili liulize kwa upole lakini liulize: pesa ilitoka wapi? Kodi ya mashamba ni jibu moja tu. Harewood, iliyoanza kujengwa 1759, ni sukari ya West Indies na watumwa, na wenyewe siku hizi wanasema wazi. Penrhyn Castle kule Wales kaskazini ni mashamba ya sukari ya Jamaica kwanza, halafu machimbo ya mawe ya kuezekea, na wachimbaji waligoma pale toka 1900 hadi 1903, nyumba za vijijini zikabandika karatasi dirishani kusema humu hamna msaliti. Ndani ya jumba kuna kitanda cha jiwe hilo hilo chenye uzito wa tani moja, ukikiona utacheka kisha utanyamaza. Kedleston ina vitu vya India alivyokusanya Lord Curzon, aliyeitawala India kwa niaba ya Uingereza. National Trust wenyewe walitoa ripoti 2020 wakataja nyumba na maeneo yao 93 yenye uhusiano na ukoloni na utumwa, na kelele zilizopigwa na baadhi ya memba wao zilikuwa si za kawaida, yaani ungedhani wametukanwa mama.

Unaweza kujitafutia pia kabla ya kwenda. Utumwa ulipopigwa marufuku kwa sheria ya 1833, serikali ya Uingereza ililipa fidia paundi milioni 20, na waliolipwa ni wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Kwa sababu ilikuwa pesa ya serikali kila malipo yaliandikwa, na University College London wameyaweka onlaini bure. Unaandika jina la ukoo ama la nyumba kwa kisanduku cha kutafuta, inakuletea nani, kisiwa gani, watu wangapi, paundi ngapi. Mimi hufanya hivyo nikiwa kwa treni. Halafu ukifika, angalia kona za picha kubwa za karne ya 17 na 18: mara nyingi kuna mtoto mweusi kama wa miaka kumi hivi, kavalishwa hariri, anamshikia mtu matunda ama farasi, wakati mwingine ana kola ya fedha shingoni. Kibao kitakwambia jina la mwenye farasi. Mimi humsalimia yule mtoto kimoyomoyo, ni mazoea yangu tu.

Nje usipaharakishe. Ile nyasi inayoteremka mpaka ziwani na miti imekaa kama Mungu ameiweka, hapana, imechimbwa na majembe na ziwa limechimbwa pia. Pale Chatsworth kijiji cha Edensor kilikuwa kinaonekana kutoka nyumbani, kikaondolewa machoni, nyumba unazoziona leo nyuma ya kilima ni za miaka ya 1830 na 1840, kila moja na staili yake. Tafuta pia ha-ha, ndio jina lake, usicheke: ni mtaro wenye ukuta upande mmoja, ukiwa dirishani huuoni kabisa, unaona nyasi moja kwa moja hadi kwa ng'ombe, lakini ng'ombe hawezi kuvuka. Watoto wangu wawili waliupata kwa kuangukia ndani, shikeni watoto.

Na nanasi! Angalia nguzo za mageti utaona mananasi ya mawe. Karne ya 18 nanasi lilikuwa ndio Prado. Waliyakuza ndani ya nyumba za vioo kwa joto la mbolea ya farasi na magome ya miti, miaka miwili mitatu kupata tunda moja, na wengine walikuwa wanakodisha nanasi la kuweka mezani usiku mmoja kisha wanalirudisha bila kuliwa. Tatton wana nyumba hiyo imefufuliwa, kwa ile bustani iliyozungushiwa ukuta. Nilimpigia mama video nikamwonyesha wazungu wamepanga mstari kuangalia nanasi. Akasema si wangekuja Thika.

Chakula, beba chako. Mkahawa upo lakini chai na skoni kwa watu wanne utalia. Kukaa kwa nyasi na thamosi ruhusa, ndani ya nyumba hata pipi usitafune. Kabla ya kutoka pitia duka la vitabu vilivyotumika, nyumba nyingi za National Trust wanalo, kwa kona utapata kitabu cha mwongozo cha zamani cha nyumba hiyo hiyo kwa bei ya sarafu, na kina ramani ya vyumba ambayo cha kipya hakina.

Turudi Tatton kidogo. Kule kuna ukumbi mkubwa, Tenants' Hall, Maurice aliujaza vichwa vya wanyama aliowapiga risasi, wengi wa kwetu. Usidhani utaukuta wazi, piga simu uulize, sababu si kila siku unafunguliwa. Iko pia Benz yake ya mwaka 1900, iliyosajiliwa kwa namba M 1, gari la kwanza kusajiliwa Cheshire. Mara ya mwisho nilipoenda kulikuwa na mzee mmoja amekaa karibu na picha za familia, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Njoro. Akasimama. Akaita mwenzake wa chumba cha pili. Wakaniuliza ile ngome bado iko, nikatoa simu nikawaonyesha picha za harusi ya binamu yangu, bibi harusi kwa ngazi, kwaya kwa nyasi, hema nyeupe, wakashika ile simu kama yai. Halafu yule mzee akaniuliza, pole kabisa, na jikoni ya kule iko upande gani?

Sikujua. Nimeenda pale mara tatu maishani na sijui. Desemba nikishuka nyumbani nazungukia nyuma kwanza.